Dirisha Linapoganda: Namna ya Kusaka Hitilafu za Nyuzi na za Kuiendesha Excel kwa Msimbo

Mhasibu anabofya kitufe cha kutengeneza ripoti ya mwezi. Muda mfupi baadaye dirisha linapauka, maneno "Not Responding" yanatokea kwenye ukingo wake wa juu, na hata akibofya tena hakuna kinachoitika. Anafungua Task Manager, anaiua programu, anaiwasha upya na kujaribu tena. Safari hii anaambiwa kwamba faili la ripoti linatumiwa na mtu mwingine, ingawa ofisini yuko peke yake. Aliyelishika ni Excel iliyobaki ikiendelea bila dirisha tangu jaribio la kwanza.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeandika programu za Windows zenye madirisha kwa C# na Windows Forms, na sehemu kubwa ya yaliyomo inamfaa pia anayetumia WPF au Visual Basic. Nimeuandika kwa sababu hitilafu za namna hii hutibiwa mno kwa kubahatisha: mtu anaongeza Thread.Sleep (amri ya kungoja) hapa na DoEvents (amri ya kuhudumia dirisha katikati ya kazi) pale mpaka dalili itoweke kwenye kompyuta yake, kisha hitilafu ileile inaibuka kwa mteja. Kabla hujabadilisha hata mstari mmoja wa msimbo, tafuta jibu la swali hili: programu ilipokwama, nani alikuwa anamsubiri nani?

Imeganda, au ina kazi nyingi?

Uzi (thread) ni mfuatano mmoja wa kazi ndani ya programu, na programu moja inaweza kuwa na nyuzi nyingi zinazokwenda kwa pamoja. Katika Windows kila dirisha ni mali ya uzi uliolitengeneza. Bofyo la kipanya, herufi iliyopigwa na ombi la kuchora upya dirisha huingia kwenye foleni ya ujumbe ya uzi huo, nao huuchukua ujumbe mmoja mmoja na kuushughulikia. Ukiupa uzi huo kazi ya kusoma hifadhidata kwa sekunde 20, foleni inarefuka bila mtu wa kuihudumia. Zikipita sekunde 5 bila uzi kuigusa foleni, Windows huhesabu kwamba dirisha haliitiki na kulifunika kwa nakala iliyopauka. Kwa hiyo maneno "Not Responding" hayathibitishi kwamba programu imekufa. Yanathibitisha tu kwamba foleni haihudumiwi.

Hatua ya kwanza basi ni kutenganisha hali mbili. Fungua Task Manager uangalie matumizi ya CPU ya programu yako ikiwa bado imeganda. Kwenye kompyuta yenye vichakataji vinne, uzi mmoja unaozunguka bila kupumzika huonekana kama takriban asilimia 25, na hapo unatafuta kitanzi kirefu au hesabu nzito. Matumizi yakiwa sifuri, uzi umelala ukisubiri kitu kingine: mtandao, hifadhidata, kufuli (lock, kinachoruhusu uzi mmoja tu kwa wakati mmoja), au programu nyingine kama Excel.

Hatua ya pili ni kumwona huyo anayesubiriwa. Iendeshe programu ndani ya Visual Studio, iache igande, kisha kwenye menyu ya Debug uchague Break All. Fungua dirisha la Threads, bofya mara mbili Main Thread, halafu usome Call Stack, yaani orodha ya funksheni zilizoitana mpaka hapo uzi ulipo, kuanzia juu kushuka mpaka ufikie mstari wa kwanza ulioandika wewe mwenyewe. Ukikuta Monitor.Enter juu yake, uzi unasubiri kufuli lililoshikwa na uzi mwingine, ukikuta Task.Wait, unasubiri kazi ambayo haijaisha. Ukikuta ExecuteReader, hifadhidata haijajibu. Kisha nenda kwenye kila uzi mwingine wenye msimbo wako ufanye vivyo hivyo. Mara nyingi dakika mbili za kusoma namna hii zinatosha kuokoa siku nzima ya kujaribu-jaribu, na sijaona zana nyingine inayomfaa anayeanza kuliko hii.

Kompyuta ya mteja kwa kawaida haina Visual Studio. Hapo tumia ProcDump, mojawapo ya zana za Sysinternals ambazo Microsoft ilizinunua mwaka 2006. Amri ifuatayo husubiri mpaka dirisha la programu ligande, kisha huandika faili lenye picha nzima ya kumbukumbu ya mchakato:

```
procdump -ma -h Ripoti.exe
```

Faili hilo unaweza kulifungua kwenye Visual Studio ya ofisini kwako na kuzisoma nyuzi zilezile, mradi umehifadhi mafaili ya .pdb, yanayounganisha programu na mistari ya msimbo wake, ya toleo ulilompa mteja. Yatunze kwa kila toleo. Bila hayo utaona majina ya funksheni tu, na pengine hata hayo yasikupeleke kwenye mstari unaohusika.

Kuihamisha kazi, na kurudi salama

Ukishajua kwamba uzi wa dirisha umebebeshwa kazi isiyo yake, dawa ni kuihamishia kazi hiyo kwenye uzi mwingine. Hapo ndipo wengi hukutana na ujumbe unaoanza na "Cross-thread operation not valid", ambao Windows Forms ilianza kuutoa kwenye toleo la 2.0 la .NET, mwaka 2005. Maana yake ni kwamba uzi wa nyuma umegusa lebo, jedwali au kitufe kilichotengenezwa na uzi wa dirisha.

Kuna ushauri unaozunguka sana wa kuizima tahadhari hiyo kwa kuandika CheckForIllegalCrossThreadCalls = false. Nakusihi usiufuate. Tahadhari hiyo kwa kawaida huwashwa pale tu programu inapoendeshwa ndani ya zana ya kutafuta hitilafu. Kwa mteja imezimwa tayari, na kosa lilelile huko hujitokeza kama jedwali lisilochorwa vizuri, au programu inayoanguka mara moja kwa wiki bila sababu inayoonekana. Ukiizima, umemnyima nafasi ya kusema shahidi pekee uliyekuwa naye.

Njia iliyo salama, na fupi kuliko zote tangu C# ilipopata async na await mwaka 2012, ni hii:

```
private async void btnRipoti_Click(object sender, EventArgs e)
{
    btnRipoti.Enabled = false;
    try
    {
        DateTime mwezi = dtpMwezi.Value;
        var orodha = await Task.Run(() => SomaMalipo(mwezi));
        gridMalipo.DataSource = orodha;
    }
    catch (Exception ex)
    {
        MessageBox.Show(ex.Message);
    }
    finally
    {
        btnRipoti.Enabled = true;
    }
}
```

Itazame kwa makini. Tarehe inasomwa kutoka kwenye dirisha kabla ya kuingia ndani ya Task.Run, ili uzi wa nyuma usiguse dtpMwezi. Kazi nzito iko ndani ya Task.Run peke yake, inayoipeleka kwenye uzi wa nyuma, nayo await inaingoja bila kuusimamisha uzi wa dirisha. Mstari unaofuata await unarudi wenyewe kwenye uzi wa dirisha, kwa hiyo jedwali linajazwa na mwenye mali. Kitufe kimezimwa ili mtumiaji mwenye haraka asianzishe ripoti ya pili juu ya ya kwanza. Nayo try haikuwekwa kwa mazoea: funksheni ya async void haina aliyeiita anayeweza kuipokea hitilafu yake, na ukiiacha bila kinga, hitilafu ya mtandao iliyo ya kawaida kabisa inaweza kuiangusha programu nzima.

Sasa angalia jinsi mstari mmoja unavyoweza kuyabatilisha yote hayo. Mtu ana funksheni ya SomaMalipoAsync yenye await ndani yake, naye hataki kubadilisha funksheni inayoiita, basi anaandika:

```
var orodha = SomaMalipoAsync().Result;
```

Uzi wa dirisha unasimama kwenye .Result ukisubiri kazi iishe. Kazi inaifikia await iliyo ndani yake, hifadhidata inajibu, na sehemu iliyobaki inataka kurudi kwenye uzi wa dirisha ili imalizie, lakini uzi huo umesimama. Ni watu wawili mlangoni, kila mmoja akimngoja mwenzake atangulie. Huu ndio mkwamo (deadlock), na dalili yake ni CPU iliyo sifuri pamoja na Task.Wait au .Result kwenye Call Stack ya Main Thread. Dawa ni kutumia await katika ngazi zote, kuanzia kitufe mpaka hifadhidata. Na kwenye maktaba zisizogusa dirisha lolote, kuongeza ConfigureAwait(false) ili kazi isilazimike kurudi kwenye uzi ilikotoka. Mkwamo wa aina hiyohiyo hutokea uzi wa dirisha unapoita Join, yaani kungoja uzi wa nyuma uishe, wakati uzi wa nyuma umeita Invoke, yaani kuuomba uzi wa dirisha kazi na kungoja jibu. Pale ambapo uzi wa nyuma hauna haja ya kungoja jibu la dirisha, BeginInvoke huondoa nusu ya tatizo.

Kuhusu Application.DoEvents nitasema machache. Inaihudumia foleni katikati ya kazi yako, kwa hiyo dirisha linaonekana hai, lakini inaruhusu pia mtumiaji abofye kitufe kilekile mara ya pili au alifunge dirisha huku kitanzi kikiendelea chini yake. Sijaona sababu ya kuitumia kwenye msimbo mpya.

Mtego mwingine unaopoteza muda ni wa InvokeRequired, sifa inayokuambia kama uko nje ya uzi wa dirisha. Dirisha lisipokuwa limeshatengenezwa na Windows, yaani kabla halijaonyeshwa mara ya kwanza, InvokeRequired inaweza kurudisha false hata ukiwa kwenye uzi wa nyuma, nawe ukaendelea ukiamini uko salama. Anzisha kazi za nyuma kwenye tukio la Shown, usizianzishe ndani ya konstrakta (funksheni inayoliunda dirisha). Na ikiwa programu inabaki kwenye Task Manager baada ya dirisha kufungwa, kagua nyuzi ulizozitengeneza kwa new Thread: zisipowekewa IsBackground = true, mchakato hautakufa mpaka ziishe.

Hitilafu zinazokuja na kuondoka zinataka subira ya aina yake. Orodha ya List inayoongezwa na uzi mmoja huku mwingine ukiisoma inaweza kufanya kazi vizuri asubuhi nzima, kisha ikaanguka mchana. Kusimamisha programu mstari kwa mstari kunabadilisha mwendo wa nyuzi na mara nyingi kunaificha hitilafu yenyewe. Badala yake andika daftari la matukio (log) ambamo kila mstari una saa mpaka milisekunde, na namba ya uzi kutoka Environment.CurrentManagedThreadId. Ukiona namba mbili tofauti zikipishana katikati ya kazi uliyodhani inafanywa na uzi mmoja, umeshafika. Zungushia lock sehemu zote mbili, ile inayoandika na ile inayosoma.

Excel iliyo upande wa pili

Excel unayoiendesha kwa msimbo ni mchakato mwingine kabisa, na kila unachokiomba, hata kusoma seli moja, husafirishwa kupitia COM, mfumo wa Windows unaoziwezesha programu kuitana, mpaka kwake na jibu hurudi kwa njia hiyohiyo. Ukilizingatia hilo, hitilafu nyingi zinaacha kuwa fumbo.

Anza na namba ya hitilafu 0x80010001, ambayo maana yake ni kwamba aliyeitwa ameukataa mwito. Excel ina shughuli nyingine: mtumiaji yuko katikati ya kuhariri seli, au kuna kisanduku cha ujumbe kilichofunguka. Hili la kisanduku ndilo linalosumbua zaidi, kwa sababu Visible (sifa ya kuionyesha Excel) ikiwa false hukioni. Excel inauliza kama ilifute faili la zamani lenye jina lilelile, hakuna wa kujibu, na programu yako inaisubiri Excel ambayo nayo inamsubiri mtu. Ndiyo maana unapotafuta hitilafu weka Visible = true kabla ya jambo lingine lolote, uangalie kwa macho. Ukishajua swali linaloulizwa, weka DisplayAlerts = false, lakini uwe umeamua mwenyewe kama faili la zamani linastahili kufutwa.

Kwa kukataliwa kunakotokana na shughuli za muda mfupi, COM ina njia rasmi: unaandika klasi ya IMessageFilter na kuisajili kwa CoRegisterMessageFilter. Excel inapokataa mwito, funksheni yako ya RetryRejectedCall inaulizwa la kufanya. Ukirudisha -1 mwito unaachwa. Ukirudisha kuanzia 0 hadi 99 unajaribiwa tena papo hapo. Ukirudisha 100 au zaidi, COM inangoja milisekunde hizo kisha inajaribu tena. Funksheni hiyo hupewa pia muda uliokwisha kupita, nami hushauri kuutumia kuweka ukomo, kwa mfano sekunde 30, ili programu isibaki ikibisha hodi kwa Excel iliyoachwa kwenye kisanduku cha ujumbe mpaka kesho yake.

COM huuweka kila uzi katika hali mojawapo ya mbili: STA, ambamo vitu vyake hutumiwa na uzi huo mmoja, au MTA, ambamo nyuzi nyingi hushirikiana. Njia hiyo inafanya kazi kwenye uzi ulio katika hali ya STA tu, ilhali nyuzi za Task.Run ziko katika MTA. Kwa hiyo kazi ya Excel ipe uzi wake wenyewe, uite SetApartmentState(ApartmentState.STA) kabla ya Start, na vitu vyote vya Excel vizaliwe, vitumike na vifie kwenye uzi huo. Kwa sababu iyo hiyo, usiiondoe alama ya [STAThread] juu ya Main: bila hiyo, visanduku vya kuchagua faili, kunakili na kubandika, na kuburuta vitu huanza kugoma.

Namba ya 0x800A03EC ni kapu la mambo mengi, lakini vyanzo viwili hutangulia. Cha kwanza ni kuomba safu au safuwima namba 0, kwa kuwa Excel huhesabu kuanzia 1. Cha pili ni fomula isiyosomeka; sifa ya Formula hudai majina ya Kiingereza na mkato kati ya vigezo, hata kama kompyuta imewekwa lugha nyingine. Kwa upande wa 0x80040154, kitu unachokiita hakijasajiliwa. Excel kwa kuwa ni mchakato wake haijali kama programu yako ni ya biti 32 au 64, ila viunganishi vinavyopakiwa ndani ya mchakato wako, kama kile cha ACE cha kusoma mafaili ya Access, lazima viwe na biti sawa na programu yenyewe.

Tarehe zinahitaji uangalifu wa pekee kwetu sisi tunaotanguliza siku. Ukituma maandishi "05/03/2024" kwenye seli, Excel inaweza kuyasoma kwa mtindo wa Kimarekani na malipo ya Machi 5 yakaingia Mei 3 bila onyo lolote. Tuma thamani ya DateTime yenyewe, usitume maandishi, kisha uamue mwonekano kwa NumberFormat.

Ripoti ikienda polepole, hesabu safari. Mistari 5,000 yenye safuwima 12, ikijazwa seli kwa seli, ni safari 60,000 kati ya michakato miwili. Jaza jedwali la kumbukumbu (array) la object[,] upande wako, kisha ulikabidhi lote kwa mara moja kupitia Value2 (sifa ya thamani za seli) ya eneo lenye ukubwa huohuo.

Excel isiyotaka kuondoka

Umeita Quit, na bado EXCEL.EXE inaonekana kwenye Task Manager. Excel haiondoki maadamu programu yako inashikilia rejeo (reference) lolote la vitu vyake, na baadhi ya marejeo hayo hukuyapa jina. Unapoandika app.Workbooks.Open(njia), umeshika kitabu, lakini umeshika pia ile Workbooks ya katikati, isiyo na kigeu chochote cha kuiachilia. Wapo wanaoita Marshal.ReleaseComObject kwa kila kitu kimoja kimoja. Inawezekana, ila ukisahau kimoja tu umerudi ulikoanza, na ukiachilia mapema kitu kinachotumika kwingine unapata hitilafu mpya. Mimi naipendelea njia hii, inayomwachia GC, mfagiaji wa kumbukumbu wa .NET, ayaachilie yote:

```
static void TengenezaRipoti(string njia, object[,] data)
{
    try
    {
        JazaKitabu(njia, data);
    }
    finally
    {
        GC.Collect();
        GC.WaitForPendingFinalizers();
        GC.Collect();
        GC.WaitForPendingFinalizers();
    }
}
```

Vigeu vyote vya Excel, pamoja na Close ya kitabu na Quit ndani ya finally, vinakaa kwenye JazaKitabu. Kutenganisha funksheni hizi mbili ndiko kunakoleta matokeo, kwa sababu katika toleo la Debug vigeu vya ndani huhesabiwa kuwa hai mpaka mwisho wa funksheni, kwa hiyo ukiita GC.Collect ndani ya JazaKitabu yenyewe, haitavigusa. Iwekee JazaKitabu alama ya [MethodImpl(MethodImplOptions.NoInlining)] ili isiunganishwe na ile inayoiita.

Usithubutu kutatua tatizo hili kwa kuua kila EXCEL.EXE inayoonekana. Niliwahi kuitwa kwenye ofisi ambayo programu yake ilifanya hivyo kila ripoti ilipoisha, na mtumishi aliyekuwa na kitabu chake mwenyewe wazi alipoteza kazi ya asubuhi nzima ambayo hakuwa ameihifadhi. Programu haikuonyesha hitilafu yoyote, kwa hiyo kwa muda mrefu lawama zilimwangukia yeye.

Ikiwa ripoti inatengenezwa usiku na huduma ya Windows bila mtu kuwepo, achana na Excel kabisa. Tangu Windows Vista huduma huendeshwa katika kikao chake kisicho na skrini ya mtumiaji, na Microsoft yenyewe haiungi mkono kuendesha Office katika mazingira hayo. Faili la .xlsx, tangu Office 2007, ni kifurushi cha zip chenye mafaili ya XML ndani yake. Maktaba kama Open XML SDK au ClosedXML huliandika moja kwa moja, hata kwenye seva isiyo na Office.

Programu nyingine hazina COM, na mtu hulazimika kubofya vitufe vyake kwa msimbo. SendKeys hupeleka herufi kwa dirisha lolote lililo mbele kwa wakati huo, kwa hiyo arifa moja ikitokea, nywila inaandikwa mahali pasipostahili. Tumia UI Automation, njia ya Windows ya kuvifikia vitufe vya programu nyingine, utafute kitufe kwa AutomationId (kitambulisho) yake baada ya kuichunguza kwa zana ya Inspect. Na ikiwa msimbo wako haufanyi chochote wala hautoi hitilafu, angalia kama programu lengwa imefunguliwa kwa haki za msimamizi, kwani Windows huuzuia kimyakimya mchakato wenye haki ndogo usiutumie wenye haki kubwa vitufe au mabofyo.

Kabla ya kukabidhi programu, fungua Task Manager, nenda kwenye Details, uongeze safuwima za GDI objects (vitu vya kuchorea kama fonti na brashi) na USER objects (madirisha, menyu na kadhalika), kisha ufungue na kulifunga kila dirisha la programu mara 50. Ukomo wa kawaida wa kila moja ni 10,000 kwa mchakato mmoja, na anayeufikia hupata ujumbe wa kushindwa kutengeneza dirisha baada ya saa nyingi za kazi, mara nyingi mchana wa siku yenye wateja wengi. Namba zikipanda kila mara bila kushuka, anza na madirisha yanayofunguliwa kwa ShowDialog, maana hayo hayajiachilii yenyewe yanapofungwa:

```
using (var f = new FrmMalipo())
{
    f.ShowDialog(this);
}
```

Rudia mara 50 nyingine uangalie kama namba zimetulia. Zisipotulia, kagua fonti, brashi na picha zinazotengenezwa ndani ya tukio la Paint.